Ahera kwa Rula na Mizani

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, hamjambo?

Naona mmejibu kwa woga kidogo. Ni haki yenu. Nilipopigiwa simu kuombwa nizungumze leo, niliulizwa mada. Nikasema, "Fizikia ya Ahera." Upande wa pili kukawa kimya, kile kimya ambacho mtu hajui kama mtandao umekatika au mwenzake ameshangaa. Kisha sauti ikaniuliza kwa upole sana, "Mwalimu, ile ya umeme wa jua hunayo?"

Ninayo. Lakini umeme wa jua kuna watakaoufunga na kuna wasioufunga. Ahera hakuna atakayebaki nyuma.

Niseme mapema ili tusilaumiane: mimi si shehe, si padri, si mganga. Aliyeingia humu na imani yake atatoka nayo ikiwa nzima. Mimi ni kama fundi cherehani. Ukinitajia nguo, mkono unakwenda kwenye futi. Ukiniambia kitu kipo mahali, nauliza wapi. Ukiniambia kinasafiri, nauliza kwa kasi gani. Ukiniambia kinawaka moto, nauliza nyuzi ngapi. Na ukiniambia hakina mahali, hakisafiri, wala moto wake si moto huu tunaoujua, basi nafunga futi yangu na kukupisha, maana kazi yangu imekwisha na ya shehe imeanza.

Na uwanja wenyewe wa utafiti ni wa ajabu. Kila mtafiti anafika, hata aliye mvivu. Hakuna hata mmoja aliyerudisha fomu.

Kabla ya kwenda mbali tuitazame lugha, maana nayo haijaamua. Tunasema mtu amekata roho. Mkasi ulikuwa wa nani? Na kama imekatwa, kipande kimoja kimeondoka, kingine kiko wapi? Aliyetishika ana roho mkononi. Anayesubiri matokeo ya mtihani yuko roho juu. Mwenye roho mbaya tunamsema, lakini hakuna aliyewahi kuomba abadilishiwe. Kwa ushahidi huu tu, roho ni kitu kinachosogea ndani ya mwili, kinafika hadi mkononi, kinapanda na kushuka, na kina ubora unaotofautiana baina ya mtu na mtu. Kuhusu pepo ndiyo usiseme. Pepo akikuingia wewe, watu wanahangaika kutafuta wa kumtoa. Wewe ukiingia Pepo, watu wanaomba usitoke milele. Neno ni lile lile. Suala ni nani kaingia kwa nani.

Haya, tuingie maabara.

Mwaka 1901, katika mji wa Haverhill, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, daktari aitwaye Duncan MacDougall aliweka kitanda juu ya mizani kubwa ya jukwaa. Juu ya kitanda akamlaza mgonjwa wa kifua kikuu aliyebakiza saa chache. Kwa nini kifua kikuu? Kwa sababu mgonjwa wa namna hiyo hufa akiwa amechoka kabisa, hatikisiki, na mizani haipendi mtu anayetikisika. Hoja yake ilikuwa nyoofu, na mimi kama mwalimu naiheshimu: kama roho ni kitu, ina uzito. Kama ina uzito na inaondoka, mizani itaona.

Akakaa akitazama kwa muda wa saa tatu na dakika 40. Mgonjwa alikuwa akipungua polepole, karibu aunsi moja kila saa, kwa jasho na mvuke wa pumzi, na daktari akawa anasogeza kipimo kidogo kidogo kufuatana naye. Kisha mgonjwa akafa. Papo hapo ncha ya mtaimbo wa mizani ikashuka, ikagonga kizuizi cha chini kwa mlio uliosikika, ikatulia pale pale bila kuruka. Akapima kilichopungua: robo tatu ya aunsi. Gramu 21.

Mjiweke pale pale, kando ya kitanda. Umeamini maisha yako yote kwamba roho ipo, na sasa umesikia chuma kikisema "ko!" Ningekuwa mimi, ningekimbia mtaani nikipiga kelele. Yeye alikaa na matokeo yake hadi mwaka 1907 ndipo akayachapisha.

Yangeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini alipima wagonjwa sita. Wawili aliwatoa kwenye hesabu mwenyewe: mmoja mizani haikuwa imetengenezwa sawasawa, mwingine alifariki wakati daktari bado anahangaika kuirekebisha. Unamwona mtu anakata roho, na wewe unamwambia, "Subiri kidogo, sijawa tayari." Katika wale wanne waliobaki, matokeo hayakulingana, kuna waliopungua kidogo, kisha dakika chache baadaye wakapungua tena, kana kwamba roho imesahau kitu ikarudi kukichukua. Zile gramu 21 zilizozunguka dunia nzima ni za mtu mmoja. Ni sawa na mwalimu anayetangaza wastani wa darasa kwa kusahihisha karatasi moja, tena ya mwanafunzi anayempenda.

Akapima na mbwa 15. Mizani haikujali. Akahitimisha kwamba mbwa hawana kitu hicho. Mwenye mbwa nyumbani asihuzunike. Ripoti ya mbwa kuhusu daktari hatujaisoma.

Daktari mwenzake, Augustus Clarke, akasema: tazameni mapafu. Mapafu hupoza damu. Yakisimama, joto la mwili linapanda kidogo, ngozi inatoka jasho, jasho linapaa. Na mbwa? Mbwa hajipozi kwa jasho la ngozi kama sisi, anahema ulimi nje. Kwa hiyo mizani ilichokiona kinaweza kuwa jasho. MacDougall akajibu kwamba moyo ukisimama damu haifiki tena kwenye ngozi, sasa hilo jasho litoke wapi? Wakabishana kwenye kurasa za jarida la kitabibu kwa miezi kadhaa. Nami nawaambia, ubishi ule ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wanaume wawili wazima walianza na roho, wakaishia kujadili jasho. Na mtaona jambo hilo linajirudia leo jioni: kila anayekwenda kuipima Ahera hurudi na kipimo cha hapa.

Lakini tusiwe wachoyo. Tumpe daktari gramu zake 21 kama mkopo, tuone zinatufikisha wapi.

Tuseme roho ikiondoka inageuka nishati, kama watu wengi wanavyopenda kusema: "Nishati haipotei." Kweli haipotei. Sasa chukua gramu 21, zidisha kwa kasi ya mwanga, zidisha tena kwa kasi ya mwanga. Unapata mlipuko wa takriban kilotani 450 za baruti ya TNT. Bomu la Hiroshima lilikuwa la kilotani 15 hivi. Yaani kila mzee akifariki kwa amani kitandani, mji unaondoka naye mara thelathini. Kwa kuwa wauguzi bado wapo na wodi bado zimesimama, dhana hiyo tuiweke pembeni.

Basi roho haigeuki, inaondoka kama ilivyo. Ili kitu kiponyoke kwenye mvutano wa dunia kinahitaji kasi ya kilomita 11.2 kwa sekunde. Kwa mzigo wa gramu 21, nishati inayotakiwa ni kama jouli milioni 1.3. Balbu ya wati 10 ikiwaka siku moja na nusu inatumia kiasi hicho hicho. Nilipopata jibu hili nilirudia hesabu mara tatu, nikidhani nimekosea desimali. Sikukosea. Kwenda mbinguni ni rahisi kuliko kusahau kuzima taa ya barazani Ijumaa usiku.

Shida haiko kwenye nauli, iko kwenye njia. Tunasema mbinguni ni juu, na tunanyoosha kidole. Lakini dunia ni mviringo na inajizungusha. Aliyenyoosha kidole juu saa sita mchana na akakinyoosha tena saa sita usiku ameelekeza karibu pande mbili zinazopingana. Watu wawili walio pande mbili za dunia wakifa dakika ile ile na wote wakaenda juu, kila sekunde wanazidi kuachana. Wanandoa walioahidiana kukutana huko wanapaswa kufia jirani, tena saa moja. Mmoja akichelewa saa kumi na mbili, wameshapotezana.

Halafu kuna umbali. Tuipe roho kasi kubwa kuliko zote tunazozijua, kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kila sekunde. Mtu aliyefariki miaka 2,000 iliyopita sasa amefika wapi? Hajafika hata katikati ya galaksi yetu wenyewe. Kufika huko nuru inahitaji miaka kama 26,000. Tumtafute basi aliyetangulia zaidi. Mabaki ya kale kabisa yanayohesabiwa kuwa ya binadamu wa aina yetu, yale ya Jebel Irhoud nchini Moroko, yana umri wa miaka karibu 300,000. Huyo marehemu, akiwa hajapumzika hata siku moja, ametoka nje ya galaksi yetu na sasa anaelekea galaksi kubwa ya jirani, Andromeda. Amemaliza sehemu moja tu kati ya nane za safari. Kama mbingu iko nje ya nyota tunazoziona, basi hakuna aliyefika. Malango bado yana utepe. Wapokeaji wamesimama na maua, wanaangalia saa.

Mtu ataniambia, "Mwalimu, si ya mbali hivyo." Sawa, isiwe mbali. Je, tutaenea?

Hapa nilifurahi, kwa sababu kitabu kimoja kitakatifu kimetoa vipimo, na mtu akitoa vipimo mimi nampenda. Ufunuo wa Yohana, sura ya 21, unasema mji mtakatifu ni mraba, na urefu, upana na kwenda juu kwake ni sawa: stadi 12,000. Stadi moja ni kama mita 185, kwa hiyo kila upande ni kilomita 2,220. Kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Huo mji unakipita kituo mara tano na zaidi.

Wanaochunguza idadi ya watu wanakadiria kwamba binadamu wote waliowahi kuzaliwa ni kama bilioni 117. Toa sisi bilioni nane tunaobishana humu duniani, wanabaki marehemu bilioni 109. Gawanya ujazo wa mji kwa idadi hiyo. Kila mmoja anapata chumba chenye urefu, upana na kimo cha mita 460. Hapo ni bila kumkatalia hata mmoja! Nimeona watu wakiwa na hofu ya nafasi, wakidhani kuingia kwa jirani yao mwenye dhambi kutawabana. Waache hofu. Jirani huyo mtaishi naye hamuonani.

Tatizo ni lifti. Lifti iendayo mita kumi kwa sekunde, ambayo ni lifti ya kasi, itachukua zaidi ya siku mbili na nusu kutoka chini mpaka juu. Usisahau miwani.

Na mapokezi je? Duniani wanafariki watu takriban 60,000,000 kwa mwaka, karibu wawili kila sekunde. Tangu nianze sentensi hii wameshafika sita. Kama karani wa langoni anatumia dakika tano tu kwa kila mtu, jina, amali, saini, wanahitajika makarani 600, wakikaa usiku na mchana bila kwenda msalani. Na ikiwa hukumu itafanywa kwa kikao kimoja, mtu mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja, wale bilioni 109 watakwisha baada ya miaka 207,000. Msomaji wa hesabu hii anaweza kuogopa. Mimi nimeona faraja: mwenye dhambi akipangwa mwisho wa foleni, ana muda mwingi sana wa kutafuta maneno mazuri.

Sasa tushuke. Najua mlikuwa mnasubiri.

Jehanamu ndiyo sehemu iliyofanyiwa kazi kubwa ya kihandisi kuliko zote, na aliyeifanya si mtu mdogo. Mwaka 1588, kijana wa miaka 24 alisimama mbele ya Chuo cha wasomi wa Florence, Italia, kutoa mihadhara miwili kuhusu umbo, mahali na ukubwa wa jehanamu aliyoieleza mshairi Dante. Kijana huyo alikuwa Galileo. Ndiyo, huyo huyo wa darubini. Alikuwa hana kazi ya kueleweka, anatafuta nafasi ya kufundisha hesabu. Wengine hupeleka barua ya maombi; yeye alipeleka ramani ya moto wa milele. Mwaka uliofuata akapata kazi.

Alieleza kwamba jehanamu ni shimo lenye umbo la pia ya kuchezea, ncha yake katikati ya dunia, mdomo wake umefunikwa na dari ya mwamba, na katikati ya dari hiyo ndipo ulipo mji wa Yerusalemu. Akamtafutia Ibilisi kimo kwa uwiano, akilinganisha mtu na jitu, kisha jitu na mkono wa Ibilisi. Jibu: karibu mikono 2,000 ya kipimo cha Florence, zaidi ya kilomita moja. Kisha akafikia swali la dari. Itasimamaje bila nguzo? Galileo akasema haina shida: tazameni kuba dogo la kujengwa, linasimama, lipanue kwa uwiano ule ule mpaka liwe la jehanamu, litasimama vile vile.

Hapo akakosea. Akakosea vibaya.

Chukua kitu, mfano gogo la mti, ukikuze mara mbili kila upande. Nguvu yake ya kubeba hutegemea eneo la pale ulipokata, na eneo hilo limekua mara nne. Lakini uzito wake hutegemea ujazo, na ujazo umekua mara nane. Kila unavyokuza, mzigo unaukimbia uwezo. Kuba la mita chache likisimama halikupi dhamana yoyote kuhusu kuba la maelfu ya kilomita. Dari ya Galileo ingewaporomokea wenye dhambi kabla hata moto haujawashwa, pamoja na Yerusalemu yote.

Mihadhara ile hakuichapisha maishani mwake. Lakini mwaka 1638, akiwa mzee wa miaka 74, akiwa kifungoni nyumbani kwake, alitoa kitabu chake kikubwa cha mwisho, na humo ndimo alimoeleza vizuri kanuni hiyo hiyo: kwa nini jitu haliwezi kuwa na mifupa yenye umbo la mifupa yetu, kwa nini chombo kikubwa kinavunjika mahali ambapo mfano wake mdogo unadumu. Wapo wanahistoria wa sayansi wanaosema aliligundua kosa lake la jehanamu mapema, akalikalia kimya kwa aibu kwa miaka mingi. Sikuwepo, sitaapa. Ila kila mhandisi anayepiga hesabu ya daraja leo anatumia somo ambalo lilikuwa na kosa lake la kwanza chini ya miguu ya Ibilisi.

Na Ibilisi mwenyewe? Kwa kimo kile, ana urefu wa mara 640 hivi kuliko mtu wa kawaida, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mfupa wake ingebeba mara 640 ya mzigo unaobebwa na wangu. Akisimama tu, magoti yanasagika. Nilikuwa nikilisema hili darasani kwa majivuno mpaka siku moja binti mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha mkono: "Lakini mwalimu, si umesema yuko katikati ya dunia? Katikati ya dunia mvutano unavuta pande zote sawa. Hana uzito." Darasa zima likaniangalia. Nilimpa alama zote na tangu siku hiyo nimemwacha Ibilisi na magoti yake. Nimebakiwa na pingamizi moja tu. Dante alimgandisha kwenye barafu hadi kifuani, ilhali katikati ya dunia kuna joto la zaidi ya nyuzi 5,000, linalokaribiana na uso wa jua. Kilichoganda pale ni chuma, na kimeganda kwa sababu ya shinikizo, si baridi. Kwamba kiini hicho cha ndani kipo tulikijua kwa mitetemeko ya ardhi, kazi ya mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, mwaka 1936.

Kuhusu joto, siwezi kupita bila kutaja kipande kifupi kilichotokea mwaka 1972 katika jarida la wanasayansi wa mwanga, Applied Optics. Mwandishi alichukua maneno ya Isaya 30:26, kwamba mwezi utang'aa kama jua na jua litang'aa mara saba, nuru ya siku saba. Akasoma: saba mara saba, 49, jumlisha moja ya mwezi, 50, yaani nuru mara 50 ya tunayoipata hapa. Akaingiza kwenye kanuni ya mnururisho, ile inayounganisha nuru na joto, na kupata joto la mbinguni: nyuzi 525. Kisha akasema, Ufunuo unataja ziwa la moto na kiberiti. Watoto wangu walipokuwa wadogo walidhani ni ziwa lililojaa viberiti vya kuwashia jiko, wakaniuliza nani anavifungua vyote. Hapana, kiberiti cha humo ni salfa. Salfa huchemka kwenye nyuzi 445 hivi. Ikizidi hapo si ziwa tena, ni mvuke. Basi jehanamu haifiki 445, na mbinguni ni 525. Peponi ndiko kwenye joto.

Watu walicheka kwa miaka 26. Mwaka 1998 wanafizikia wawili wa Hispania wakasoma mstari upya, wakasema zile saba hazizidishwi zenyewe kwa zenyewe. Ni saba jumlisha moja, nane. Mbinguni pakashuka hadi nyuzi 231.5. Bado mtu anaungua, ila kwa heshima. Mimi naongeza langu: salfa ikibanwa kwa shinikizo kubwa, kiwango chake cha kuchemka hupanda, kwa hiyo jehanamu yenye kifuniko kizito inaweza kuwa na joto zaidi. Na tumeshamwona Galileo kwenye suala la kifuniko.

Kuzaliwa upya nitakupitisha haraka, maana hesabu yake ni katili. Mwaka 2022 watafiti walikadiria sisimizi duniani kuwa bilioni 20 mara milioni moja. Kwa kila mtu mmoja kuna sisimizi milioni mbili na nusu. Kama nafasi zinagawiwa kwa bahati nasibu, usijihangaishe kuuliza utarudi mfalme au mwalimu. Uliza utarudi kwenye kichuguu gani.

Imebaki mizuka, na hapa nakaa kidogo.

Mzuka hupita ukutani. Vizuri. Kwa nini haupiti sakafuni? Kitu kinachoupitisha ukutani kingeudidimiza chini mpaka kwa Ibilisi wa Galileo. Mkisema mvutano haumshiki, mmemletea balaa kubwa zaidi. Dunia inalizunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde. Mzuka usioshikwa na mvutano, wala kubebwa na mwendo wa dunia, ukisimama mlangoni kukutisha, kufumba na kufumbua mlango umeondoka. Kabla ya saa nne kuisha ameachwa nyuma umbali wa kutoka hapa hadi mwezini. Mzuka unaorudi nyumba ile ile kila usiku unahitaji injini, na mtu wa kuupigia hesabu za njia. Tena, mzuka usioonekana hauoni. Jicho huona kwa kuukamata mwanga nyuma yake. Jicho ambalo mwanga unapita moja kwa moja ni dirisha tu. Kwa hiyo umeingiliwa na kipofu anayeelea, amepotea, na amechoka. Msalimie.

Kuna mhandisi mmoja wa Uingereza, Vic Tandy, aliyekuwa akifanya kazi kwenye karakana ya vifaa vya hospitali. Watu walilalamika kwamba chumba kile kina kitu. Usiku mmoja akiwa peke yake alihisi baridi, nywele zikamsimama, na kwenye kona ya jicho akaona umbo la kijivu likija kimya. Akageuka, likayeyuka. Akaenda nyumbani. Kesho yake alikuja na upanga mwembamba wa mchezo, alitaka kuutengeneza. Akaubana kwenye jiliwa, akaenda kutafuta mafuta. Aliporudi, ncha ya upanga ilikuwa ikitetemeka yenyewe kama mkia. Hakuna aliyeugusa.

Hapa ndipo watu wanapoachana njia. Mmoja anatupa ufunguo na kukimbia. Tandy alijiambia: kitu kinachotikisika kinapokea nishati, inatoka wapi? Akausogeza upanga na jiliwa lake sakafuni, akitazama unatikisika zaidi wapi. Katikati ya chumba, pale pale penye meza yake. Kulikuwa na feni mpya ya kutoa hewa mwisho wa chumba, ikitoa sauti ya mitetemo karibu 19 kwa sekunde, chini ya kiwango cha sikio la mtu, na mawimbi yalikuwa yakigonga ukuta na kurudi. Feni ikarekebishwa, mgeni hakurudi tena. Aliandika habari hiyo na mwenzake mwaka 1998. Baadaye wengine wamebishana kama sauti hiyo kweli inaweza kumletea mtu umbo la kijivu, na mimi sidhani inaeleza mizuka yote. Ila upanga ule unaotetemeka kwenye jiliwa nauona mpaka leo, na namwona yule bwana akiusogeza hatua moja moja huku nywele zikiwa bado zimesimama.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie kwa jambo ambalo hesabu zake hazina mzaha ndani yake, ingawa linasikika kama mzaha kuliko yote.

Vuteni pumzi. Ya kawaida tu, nusu lita. Humo mna molekuli nyingi mno: andika moja ikifuatwa na sifuri 22. Hewa yote ya dunia ina molekuli za moja na sifuri 44. Ina maana pumzi moja ni kwa hewa yote kama molekuli moja ilivyo kwa pumzi moja. Kwa hiyo pumzi ya mwisho ya mtu yeyote aliyekufa zamani, ikishachanganyika na hewa yote, kila pumzi unayovuta ina wastani wa molekuli moja yake, au karibu na hapo. Yule mgonjwa wa kifua kikuu wa Haverhill, ambaye jina lake silijui, alitoa pumzi yake ya mwisho zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mizani ikagonga "ko". Sasa hivi mmemvuta.

Bwana wa mstari wa tatu amekohoa. Amemrudisha.

Kipaza sauti kinapita, karibuni maswali. Aliyewahi kufika huko akarudi, tutaanza na yeye.